Picha Kumi na Sita za Kaizari Ambaye Hakwenda Vitani

Mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa sanaa na wa historia, na ninyi wengine mlioingia kwa kufuata marafiki: hamjambo, na karibuni sana. Tutazame ukutani.

Huyo mnayemwona anaitwa Ayusi. Yuko peke yake juu ya farasi anayekwenda mbio, mkuki ameuelekeza mbele, gobori amelivaa mgongoni, podo la mishale liko ubavuni. Nyuma yake hakuna kitu. Mlima haupo, mti haupo, hata mstari wa ardhi chini ya kwato za farasi haukuchorwa. Picha yenyewe ni ndogo kuliko inavyoonekana hapa: ni karatasi ndefu ya kukunja, kimo chake sentimita 27 tu, urefu umepita mita moja kidogo. Aliichora Giuseppe Castiglione, Mwitaliano wa Milano, mwaka 1755, Beijing, kwa amri ya Kaizari Qianlong. Siku hizi inatunzwa Taipei.

Miaka kumi baadaye tukio hilohilo lilichorwa tena, safari hii likiwa na milima, hema, na umati wa wapanda farasi, na mchoro ukapakiwa melini kwenda Ufaransa ukachongwe kwenye bamba la shaba. Hapo Ayusi hatumwoni kirahisi. Amemezwa na jeshi. Nataka tuzungumze juu ya safari hiyo, kutoka mtu mmoja kwenye karatasi tupu hadi seti ya picha 16 zilizochapwa Paris, kwa sababu ndani yake tunaona vizuri kabisa mtawala anavyoitengeneza vita baada ya vita kwisha.

Kwanza huyo mtawala. Qianlong alikuwa Mmanchu, wa ukoo wa Qing, ukoo uliotoka kaskazini-mashariki na kuitawala China tangu 1644. Alirithi kiti mwaka 1735 akiwa na miaka 24. Alitawala miaka 60 kisha akang'atuka, akisema si adabu kupita miaka 61 ya babu yake Kangxi, ingawa hadi alipokufa mwaka 1799 hakuna aliyekuwa na shaka nani anaamua. Alikuwa mtu wa kuandika mashairi kwa maelfu, wa kupiga mihuri yake juu ya picha za watu waliokufa karne nyingi kabla yake, na wa kujihesabia ushindi. Uzeeni, mwaka 1792, alijipa sifa ya mzee aliyekamilisha ushindi mara kumi. Tutarudi kwenye hesabu hiyo, maana ina matatizo.

Vita vilivyozaa picha zetu vilianza 1755. Huko magharibi, katika bonde la mto Ili na nyika zinazolizunguka, sehemu ambazo leo ziko kaskazini mwa Xinjiang na mashariki mwa Kazakhstan, palikuwa na dola la Wadzungar, Wamongolia wa magharibi, wafugaji na wapanda farasi hodari. Kangxi alipigana nao. Mwanawe Yongzheng alipigana nao na akapata hasara kubwa. Katikati ya karne ya 18 Wadzungar wakaingia katika ugomvi wa wao kwa wao wa kugombea uongozi. Dawachi akakalia kiti. Amursana, aliyemsaidia kukipata, akakosana naye, akakimbilia kwa Qianlong kuomba msaada. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Qianlong akatuma majeshi mawili, na Amursana akiwa mstari wa mbele.

Dawachi alikuwa amepiga kambi kwenye mlima wa Gadan-Ola na watu wake takriban elfu kumi. Ayusi, naye Mdzungar aliyekuwa ameshahamia upande wa Kaizari, alitumwa usiku pamoja na wenzake wawili na askari 22. Jumla watu 25. Kazi yao ilikuwa upelelezi. Badala yake waliivamia kambi gizani wakipiga kelele na kufyatua bunduki. Wale waliolala hawakujua wamevamiwa na watu wangapi. Wakatawanyika, wakakanyagana, na kulipokucha maelfu walikuwa wamejisalimisha. Dawachi alitoroka, akakamatwa baadaye na kupelekwa Beijing. Qianlong akamsamehe na kumpa cheo cha uwana wa mfalme.

Hebu fikirini furaha ya Kaizari. Adui wa babu yake na wa baba yake ameanguka kwa watu 25, na kiongozi wa hao 25 ni mtu wa adui mwenyewe. Akamwita Ayusi, akamweka mbele ya Castiglione achorwe, na shairi la Kaizari la kumsifu likaandikwa juu ya karatasi. Mimi naipenda picha hii kuliko zile kubwa zote zilizofuata. Castiglione alimchora mtu aliyekuwa mbele yake: sura yake, mkao wake, silaha zake, misuli ya farasi wake. Hakudai kwamba ameiona Gadan-Ola, ndiyo maana Gadan-Ola haimo. Ni picha ya vita isiyosema uongo hata kidogo, kwa sababu haisemi neno lolote juu ya vita vyenyewe.

Sasa nitawapitisha haraka miaka minne, kisha turudi kwenye rangi.

Amursana alitegemea kupewa Wadzungar wote awatawale. Hakupewa. Kabla mwaka 1755 haujaisha akaasi. Majeshi ya Kaizari yakarudi, na safari hii hakukuwa na masamaha. Amursana alikimbilia Siberia, akafa kwa ndui mwaka 1757 mikononi mwa Warusi, na maofisa wa Qing waling'ang'ania kuonyeshwa maiti mpaka Warusi wakaileta mpakani ikaguliwe. Baada ya hapo vita vikashuka kusini, kwenye miji ya Waislamu wa bonde la Tarim: Kashgar, Yarkand na jirani zake. Huko ndugu wawili wa ukoo wa makhoja, yaani viongozi wa dini wa Kiislamu, Burhan al-Din na Khwaja Jahan, ambao majeshi ya Qing yenyewe yaliwatoa kifungoni kwa Wadzungar, walikataa kuwa chini ya bwana mpya. Jenerali Zhaohui alizingirwa karibu na Yarkand, mahali paitwapo Mto Mweusi, kwa miezi mitatu ya baridi kali, kuanzia mwishoni mwa 1758. Masimulizi ya upande wake yanasema askari walikata miti kwa ajili ya kuni wakakuta imejaa risasi za adui, wakazitoa na kuwarudishia wenyewe. Mwanzoni mwa 1759 msaada ukafika. Ndugu wale wawili wakakimbilia Badakhshan, nchi ya milima upande wa Afghanistan ya leo, mtawala wa huko akawaua, na kichwa cha Khwaja Jahan kikapelekwa Beijing. Vita vikaisha.

Qianlong hakukanyaga huko hata mara moja. Aliviongoza vita hivyo kwa barua, zilizosafirishwa na matarishi wa farasi wiki baada ya wiki. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Yeye hakuwepo, na lake lipo kuliko la mtu mwingine yeyote.

Alifanyaje? Mwaka 1760 alikarabati jengo moja magharibi mwa Jiji Lililopigwa Marufuku, yaani kasri ya makaizari Beijing; jengo hilo linaitwa Ziguangge, akaliweka liwe ukumbi wa mashujaa. Ndani yake ziliwekwa picha za watu 100 waliotukuka katika vita hivyo, kila mmoja amesimama, amechorwa kwa ukubwa unaokaribia wa mtu halisi. Wale 50 wa kwanza Kaizari aliwatungia sifa yeye mwenyewe. 50 waliofuata waliandikiwa na mawaziri. Maandishi ni ya Kichina upande mmoja na ya Kimanchu upande mwingine. Pamoja na watu hao palitengenezwa picha kubwa 16 za mapigano na sherehe.

Wengi wa mashujaa hao hawapo tena Ziguangge. Mwaka 1900, majeshi ya mataifa manane yalipoiingia Beijing, picha ziliporwa zikatawanyika duniani. Kama mtapata nafasi ya kufika makumbusho ya Metropolitan, New York, mwangalieni mlinzi wa Kaizari aitwaye Zhanyinbao: amesimama na upinde na upanga wake, sura ya mtu aliyekwisha kuona mengi, ndevu chache, macho makavu. Usoni utaona mkono wa mchoraji aliyesoma Ulaya. Kwenye mikunjo ya nguo utaona mkono wa Mchina. Ndivyo walivyofanya kazi, wamisionari wakichora nyuso na wachoraji wa Kichina wakimalizia mavazi. Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza nani alichora picha hii, namjibu kwamba swali hilo ni la Ulaya ya baadaye. Humu kulikuwa na karakana, na juu ya karakana kulikuwa na bwana mmoja aliyepita kukagua.

Niseme kidogo juu ya hao wamisionari, maana hapa kuna mambo. Walikuwa wanne: Castiglione; Mfaransa Jean-Denis Attiret, aliyezaliwa Dole; Ignatius Sichelbarth wa Bohemia; na Mwitaliano Damascenus Sallusti. Watatu wa kwanza walikuwa wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, wa nne wa shirika la Waagustino. Walikwenda China kuhubiri Injili, na Kaizari alikuwa amezuia kuhubiri. Alichotaka kwao ni brashi, saa za kutani na mahesabu ya nyota. Wakakubali, wakitumaini kwamba kukaa karibu na kiti kutawakinga Wakristo wa mikoani. Attiret aliandika nyumbani akilalamika kwamba amefungwa kazini tangu jua linapochomoza hadi linapozama, kwamba hata muda wa kusali anaupata kwa shida, na kwamba hachori karibu chochote anachokipenda. Kama asingeamini brashi yake inasaidia dini, asema, angerudi Ulaya. Mwaka 1754 aliitwa ghafla Chengde, kwenye makazi ya Kaizari ya majira ya joto, awachore wakuu wa Kimongolia waliokuja kujisalimisha. Alifanya kazi siku 50 hivi bila kupumzika hadi afya ikayumba. Kaizari alifurahi akataka kumpa cheo cha serikali. Attiret akakataa.

Kulikuwa na jambo lingine lililowasumbua wachoraji hawa: kivuli. Ulaya walifundishwa kwamba uso haukamiliki bila upande mmoja kuwa na giza. Qianlong hakulitaka giza hilo usoni mwa mtu. Basi Castiglione akabadili namna yake: mwanga unatoka mbele moja kwa moja, uso unakuwa mweupe wote, na umbo linapatikana kwa rangi zinazobadilika taratibu mno. Rudini kwa Ayusi muone. Rangi za mafuta nazo ziliwekwa kando kwa sehemu kubwa, wakajifunza rangi za maji juu ya hariri, ambapo ukikosea hakuna kufuta. Wapo wanaosikitika kwamba mchoraji hodari alilazimishwa kusahau alichojua. Mimi sioni hasara kubwa hapo. Castiglione wa Milano angekuwa mmoja kati ya mamia. Castiglione wa Beijing hana wa kufanana naye.

Sasa tufike Paris.

Picha za ukutani zinaonwa na wanaoingia ukumbini tu. Qianlong alitaka ushindi wake usambae. China ilikuwa na ufundi wa kuchapa kwa mbao tangu zamani, na hata kuchonga kwenye shaba kulishajaribiwa Beijing: mwaka 1713 padri Matteo Ripa alimchapishia Kangxi mandhari 36 za Chengde kwa njia hiyo. Lakini Qianlong alikuwa ameona picha za vita zilizochapwa kutokana na kazi za Georg Philipp Rugendas, Mjerumani wa Augsburg, zenye farasi wanaoanguka, moshi mzito na mawingu, akazipenda. Na huyu ndiye aliyekataa kivuli usoni mwa mtu! Mnaona sasa kwamba hakuwa na chuki na kivuli. Picha ya shujaa aliitaka iwe na uso safi wa heshima. Picha ya mapambano aliitaka iwe na vumbi na radi. Mfadhili anayejua anachotaka huwatesa wachoraji, lakini ana faida moja, haelei.

Mwaka 1765, tarehe 13 Julai, amri ikatoka: picha 16 zichongwe Ulaya na mafundi bora kabisa. Michoro minne ya kwanza, mmoja kutoka kwa kila mmisionari, ikapelekwa Canton, bandari ya kusini ambayo leo ni Guangzhou. Inasimuliwa kwamba gavana wa huko alifikiria kuituma Uingereza, na kwamba mkuu wa misheni ya Wajesuiti wa Kifaransa Canton, padri Le Febvre, alimshawishi aipeleke Ufaransa. Wafanyabiashara wa Canton wenye kibali cha kuuza na kununua kwa wageni wakafanya mkataba na kampuni ya Kifaransa ya biashara ya India, meli ikang'oa nanga, na mwaka 1766 michoro ikafika. Mingine 12 ikafuata mwaka uliofuata.

Ufaransa waliielewa mara moja thamani ya jambo hili, na si kwa ajili ya sanaa. Mfalme aliye mbali, tajiri kuliko wao, amewapa kazi. Marquis de Marigny, msimamizi wa majengo ya Mfalme Louis wa 15, akaipokea, na usimamizi wa uchongaji akapewa Charles-Nicolas Cochin wa Chuo cha Kifalme cha Uchoraji. Cochin akawagawia wachongaji wakubwa wa siku zile, Jacques-Philippe Le Bas, Augustin de Saint-Aubin, Aliamet, Choffard na wengineo. Mabamba yalikuwa makubwa, kila picha takriban sentimita 50 kwa 90, na yalihitaji karatasi iliyotengenezwa maalumu. Cochin hakuiona michoro yote kuwa sawa kwa ubora. Mingine ilibidi airekebishe kabla haijafika kwa mchongaji.

Hapo simameni kidogo. Castiglione hakuwepo Gadan-Ola. Alichora kutokana na taarifa za majenerali na nyuso za waliorudi. Cochin hakuwahi kufika China, akairekebisha michoro iliyotoka huko. Le Bas akachonga kwa sindano na patasi yake akiwa mbali na Ili kwa maelfu ya kilomita. Ni kama habari ya msibani inayopita nyumba kumi kabla haijafika kwako, ila hapa kila nyumba ilipoipokea iliipamba. Tazameni sasa toleo la Paris. Ule uvamizi wa usiku umekuwa mchana. Watu 25 wamekuwa wimbi la wapanda farasi. Milima ni milima ya kuchorea, imepangwa vizuri pande zote mbili, na miti ina majani ya kifaransa. Aliyevamia gizani kwa kelele, akitegemea adui asijue idadi yake, sasa anapigana mahali ambapo kila mtu anamwona kila mtu.

Hata hivyo, picha hizi ni nzuri. Sitaki mtoke hapa mkidhani nimekuja kuzisuta. Mto Mweusi uliozingirwa ni kazi ya ajabu: kambi imechorwa kama boma, hema na mifugo zikiwa ndani, na nje duara la adui, jicho lako linazunguka na kukosa pa kutokea kama walivyokosa waliokuwamo. Katika picha nyingine ngamia wamebeba mizinga midogo juu ya migongo yao. Nyingi zimetazamwa kutoka juu, mahali ambapo hakuna askari aliyewahi kusimama. Mwenye kutazama anapewa kilima, anaviona vita vyote kwa pamoja, nani anazunguka wapi, nani anakimbia. Hicho ndicho kiti alichokikosa Qianlong miaka yote minne ya kusoma barua, na wachoraji wakampatia.

Kazi ilikamilika mwaka 1774. Seti 200 zilichapwa kwa ajili ya Kaizari, na mabamba yenyewe ya shaba yakasafirishwa China pia. Serikali ya Ufaransa iliamuru nakala zisibaki nje isipokuwa chache za mfalme na wakuu, na kwa sababu hiyo kila mtu akazitaka. Miaka ya 1780 Helman, mwanafunzi wa Le Bas, akatoa toleo dogo la kuuza mitaani. Beijing nako padri Michel Benoist alipewa kazi ya kutafuta namna ya kuyachapa mabamba hayo huko huko, na maelekezo ya karatasi na wino yaliyotoka Paris. Qianlong akaunganisha kila picha na shairi lake, akagawa seti kwa majumba, mahekalu na maofisa. Castiglione hakuiona hata nakala moja. Alifariki Julai 1766, Attiret akafuata 1768. Na mwaka 1773, kazi ikiwa inakaribia mwisho, Papa Clement wa 14 alilivunja shirika la Wajesuiti. Watu walioshika brashi miaka yote hiyo ili kulinda misheni wakajikuta hata shirika lenyewe halipo.

Kuna jambo ambalo picha 16 haziligusi, nalo ni kubwa kuliko yote. Baada ya Amursana kuasi, Qianlong aliwaagiza majenerali wake wasiwahurumie Wadzungar: wanaume wenye nguvu wauawe, wanawake na watoto wagawiwe wengine. Ndui nayo ilikuwa inapita humo humo. Mwanahistoria wa Kichina Wei Yuan, aliyeandika karne iliyofuata, alikadiria kwamba kati ya kaya laki kadhaa za Wadzungar, sehemu nne katika kumi zilikufa kwa ndui, tatu ziliuawa na jeshi, na mbili zilikimbilia Urusi na kwa Wakazakh. Jumlisheni wenyewe. Nchi ilibaki tupu, ikajazwa watu waliohamishwa kutoka kwingine.

Katika mabamba ya Paris adui anaanguka akiwa na silaha mkononi, au anapiga magoti akipokelewa kwa upole. Hali ya tatu haimo. Hakuna kijiji, hakuna mwanamke anayegawiwa, hakuna mgonjwa. Wachongaji wa Paris nawasamehe, walichonga walicholetewa. Wamisionari ninawafikiria zaidi. Attiret alikuwa amewachora wakuu wa Kimongolia mmoja mmoja kule Chengde, amekaa nao uso kwa uso. Alijua ni watu.

Na angalieni picha za mwisho za seti. Vita vimekwisha, sasa ni sherehe: Kaizari anawapokea washindi nje ya mji, anakabidhiwa mateka kwenye Wumen, lango kuu la kasri yake, anawafanyia karamu mbele ya Ziguangge. Hapo ndipo anapoonekana kwa mara ya kwanza. Wengine wamepigana kurasa nyingi, yeye anaingia kwenye karamu, na umati wote umegeuka kumwelekea. Ukumbi unaoonekana nyuma ni ule ule ambamo picha zenyewe ziliwekwa, kwa hiyo hadithi inaishia mahali inaposimuliwa. Jengo hilo bado lipo, ndani ya eneo la ofisi za viongozi wa China, na wageni wa kitaifa hupokewa humo.

Niliahidi kurudi kwenye hesabu ya ushindi kumi.

Baada ya seti hii Qianlong hakuituma tena kazi Ulaya. Vita vilivyofuata vilichongwa Beijing, na mafundi wa Kichina waliojifunza kutokana na mabamba ya Paris: Jinchuan ya milima ya Sichuan, Taiwan, Annam (Vietnam ya leo), Wagurkha wa Nepal, na vingine. Mistari ni mikavu zaidi, moshi umekuwa mapambo, na watu wanafanana. Wataalamu wengi huzipita haraka. Mimi nawashauri msizipite, kwa ajili ya mambo mawili.

Vita vya Burma, kati ya 1765 na 1769, viliwaua askari wengi wa Qing kwa homa na kwa risasi, majenerali wakafa, na mwisho wake ulikuwa mapatano ya kuondoka. Qianlong alivihesabu katika ushindi wake kumi. Lakini seti ya picha hakuagiza. Inaonekana hata yeye alikuwa na mahali pa kuishia.

Kwa vita vya Annam, alithubutu. Mwishoni mwa 1788 majeshi yake yaliingia Vietnam ya leo kumrudisha mfalme wa ukoo wa Lê, yakauteka mji mkuu kwa urahisi. Sikukuu za mwaka mpya wa 1789, askari wakiwa wanasherehekea, Nguyễn Huệ akawashukia karibu na Hanoi, akawavunja vibaya, na jenerali wao akakimbia kuvuka mto. Seti ya Annam ina picha sita. Tano ni mapigano, na katika zote jeshi la Kaizari linasonga mbele. Ya sita inamwonyesha mpwa wa Nguyễn Huệ akipokewa Chengde na Qianlong, zawadi zikiwa zimeletwa, magoti yamepigwa, kila kitu mahali pake. Kati ya picha ya tano na ya sita ndipo jeshi lilipoangamia, na palipaswa kuwa na picha ya saba.

Hiyo ya sita ndiyo iliyoko ukutani sasa, nimeiacha makusudi. Mikono naiona tayari, tuanze na dada wa safu ya nyuma.